Gamba na Kamba

Calvince aliniita kutoka bwawani kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyekanyaga kitu kikasogea.

"Dani! Kuja haraka! Wacha majani, kuja!"

Dani ni nyanya kwa Kijaluo, ndivyo anavyoniita. Nilikuwa katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, aproni ya plastiki imelowa umande mpaka magotini. Bwawa langu liko chini kabisa ya shamba, pale kijito kinapopita kikienda kuingia mto Kipsonoi, na kuteremka huko ni kazi kwa mtu mwenye goti kama langu. Nikateremka hivyo hivyo. Nilimkuta Calvince amesimama kwenye tope kwa gumbuti moja, ile nyingine imezama nyuma yake, na wavu wa samaki ameushika mbali na mwili wake kama baba aliyepewa nepi chafu.

Ndani ya wavu kulikuwa na kitu bapa, cha mviringo, kikubwa kama uteo wa kupepetea wimbi. Rangi yake ilikuwa ya majani chai yaliyolala senta ya kupimia chai lori likakosa kuja, kijani kinachoelekea weusi, na madoa madogo meupe kama maziwa yaliyorukia sufuria. Kilikuwa na miguu minne iliyotanda kama ya bata. Kichwa sikukiona. Nikainama nikitafute, na hapo shingo ikatoka, ndefu, mbio, mdomo ukauma hewa karibu kabisa na kidole changu.

"Pole pole, Dani! Hiyo imeshakula mpini ya wavu."

"Ni nini?"

"Mimi naona ni opuk. Kobe. Lakini angalia mgongo."

Niliokota kijiti nikambonyeza mgongoni, kule pembeni. Pakabonyea. Nilipoondoa kijiti pakarudi taratibu, kama unga wa chapati uliokandwa ukalazwa.

Kwetu Kipsigis kobe ni chepkoikoch, na mimi siku zote nikilitamka jina hilo husikia koi ndani yake, yaani jiwe. Kobe ninayemjua mimi ni jiwe linalotembea. Ukimkuta njiani anaingia ndani ya jiwe lake anafunga, na wewe unaenda zako. Huyu hakuwa na pa kuingia. Alikuwa ngozi tu, ngozi ya kiatu kilichosahaulika mvuani, na pua nyembamba iliyochomoza mbele kama kipande cha mrija wa soda.

"Sasa nani amemtoa gamba?" nikauliza, kwa sauti, kama mjinga.

Sikuwa peke yangu na Calvince. Metrine, mke wa jirani yangu Johana, alikuwa upande wa pili wa ua akikata nyasi ya ng'ombe, na masikio ya Metrine hayajawahi kwenda likizo. Niliona panga lake likisimama hewani kidogo, halafu likaendelea kukata.

Calvince Ojwang ni mtu wa Nyakach, kule kando ya ziwa. Alikuja huku kuchuma majani kwenye mashamba makubwa, akachuma miaka mingi, mpaka mashine za kuchuma zilipoingia na watu wakaambiwa warudi kwao. Yeye hakurudi. Alikuja kwangu kuuliza kibarua cha wiki moja na amekaa tangu hapo, katika ile nyumba ya bati kando ya mikaratusi, yeye na mke wake Aluoch na msichana wao Adoyo anayebebwa bado. Ananichumia chai, anakamua, na hao samaki wa bwawani ni yeye aliyewaleta wakiwa kama viwavi kwenye mfuko wa nailoni. Aluoch anauza mandazi pale senta, wakulima wakingoja lori. Watoto wangu wenyewe wako Nairobi na Nakuru na wananipigia simu Jumapili. Nasema hivi ili ijulikane huyu mtu kwangu ni nani.

Namba ya watu wa wanyama wa porini ilikuwa kwenye simu yangu tangu nyani walipovamia mahindi yangu. Nikapanda juu kidogo penye netiwaki nikapiga. Mwanamume akajibu, akasema anaitwa afisa Onyancha, niseme.

"Tumepata kobe kwa bwawa," nikasema. "Hana gamba."

Sisi Wakipsigis, g na k hukaa nyumba moja mdomoni. B na p vilevile. Wenyewe tunajua ni ipi imetoka, mgeni ndiye hupata taabu. Mimi nilisema gamba. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu, na afisa Onyancha alisikia kamba.

"Hana kamba?"

"Hana kabisa! Yuko wazi tu hivyo!"

"Basi mfungeni, mama. Leo niko mbali, nakuja kesho asubuhi. Mfunge asirudi kwa maji, lakini msimuumize."

"Nimfunge?"

"Mfunge kamba, mama. Sawa?"

Simu ikakatika. Nilisimama pale nikijiuliza kamba itamsaidia nini mnyama aliyekosa gamba, lakini ukimpigia daktari akakwambia meza dawa, si unameza? Nikamwambia Calvince. Akanitazama, akamtazama kobe.

"Dani, huyu hana kona. Kamba itashika wapi?"

"Afisa amesema."

Akaleta kamba ya ndama. Akamfunga mguu wa nyuma, akalegeza kidogo akiogopa kumkata ile ngozi, akamweka kwenye maji mafupi ukingoni na kigingi cha mkaratusi. Kobe akajifukia kwenye tope papo hapo, ikabaki pua.

Mchana nilipeleka majani senta. Kabla sijatua kikapu nilijua kuna kitu, maana watu waliacha kuzungumza, na senta yetu hainyamazi hata padri akipita.

"Kogo," akaniita Phyllis, yule anayepima majani, maana kwetu nyanya ni kogo, "ni ukweli mtu wako amechuna kobe?"

"Amechuna nani?"

"Tunasikia gamba limeshaenda Sondu kwa bodaboda."

"Mimi sijabeba gamba!" akapaza sauti Robert, ambaye ana bodaboda. "Msiniingize!"

"Wanasema supu yake ni dawa ya mgongo."

"Aki watu wa ziwa. Kitu ikitoka kwa maji, wao wanaona mboga tu."

Wakacheka. Si kicheko kibaya sana, ni kile cha watu waliochoka kungoja lori. Lakini nilimwona Aluoch amesimama nyuma ya beseni lake la mandazi, na kitambaa kilichofunika beseni kilikuwa bado kimekunjwa vizuri kama alivyokifunika nyumbani. Hakuna aliyekuwa amekifunua.

"Mama Adoyo," Robert akamwambia, "leo umekaanga na mafuta gani? Isije ikawa ya kobe."

Aluoch alinyoosha kitambaa ambacho kilikuwa kimenyooka tayari.

"Hakuna mtu amechuna mtu!" nikasema. "Huyo kobe alizaliwa hivyo. Hana gamba, ni ngozi tu."

"Hana gamba tangu azaliwe?" Phyllis akauliza, na jiwe la mizani mkononi. "Kogo, kobe bila gamba si ni mjusi mnene?"

Hapo wakacheka kweli kweli, hata mimi mdomo ulitaka kunisaliti. Kila nilivyosema hana gamba ndivyo nilivyozidi kuwapa kuni. Niliagiza kikombe cha chai sikukimaliza. Nilirudi nyumbani nimenunua mandazi yote ya Aluoch, na bado sikuona raha kuyala.

Kulipokucha kamba ilikuwa pale pale. Kigingi pale pale, kitanzi pale pale, kimelala juu ya tope kizuri kama bangili. Kobe hakuwepo.

Tulikuwa bado tunaitazama, mimi na Calvince, gari la kijani liliposimama juu barabarani. Akatoka dereva, akabaki kuegemea mlango, na mwanamume mfupi mwenye sare akateremka kwa kujishikilia michai. Huyo ndiye Onyancha. Alinisalimia vizuri, akaulizia afya, akaulizia ng'ombe. Halafu akatazama kamba, akatazama maji, akanitazama.

"Mama, jana uliniambia hana kamba. Sasa kamba naiona. Kobe simwoni."

"Gamba! Nilisema gamba. Ya mgongoni!"

"Kamba ya mgongoni?"

Nikajipiga kofi mgongoni mwangu, nikageuka aone vizuri. "Hii! Nyumba yake! Hana!"

"Oh. Gamba." Akavua kofia akajikuna. Nilidhani tumeelewana, tutacheka. "Basi hiyo ni mbaya zaidi, mama. Jana jioni nilipigiwa simu ingine, sio yako. Mtu alisema kuna jamaa hapa anaitwa Calvince ametoa kobe gamba na anauza. Na hakupigia mimi pekee. Alipigia polisi pia. Wananingoja."

Calvince alikuwa ameshika wavu. Akauweka chini polepole.

"Afande, mimi sijachuna kitu. Kobe alikuwa mzima. Aliniuma hata."

"Yuko wapi?"

"Kwa maji."

"Gamba liko wapi?"

"Hakuna gamba."

"Sasa unaona?" Onyancha hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuonyesha shimo ulilosimama karibu nalo. "Kobe hakuna, gamba hakuna, watu wawili wameniambia kobe hana gamba, mmoja ni tajiri wako mwenyewe. Nikirudi bila kobe lazima nirudi na wewe. Utaandika maelezo kituoni, na hapo sio mimi tena."

Aluoch alikuwa amekuja na mtoto mgongoni na alikuwa amesikia yote. Alianza kwenda na kurudi ukingoni, kutoka kwenye kigingi mpaka kwenye mti na kutoka kwenye mti mpaka kwenye kigingi, mpaka nikatamani kumshika. Lakini mimi pia sikukaa. Mikono yangu ilitaka kitu cha kufanya. Nikaanza kung'oa magugu ukingoni mwa maji, magugu ambayo hayakuwa yakinisumbua.

"Mama, hebu wacha hayo majani," Onyancha akasema. "Niambie huyo kobe. Usiniambie hana nini. Niambie ana nini."

Hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikasimama, nikapangusa mikono.

Nikamwambia ni bapa kama chapati. Sio chapati ya hoteli, ile ya nyumbani iliyonenepa katikati na kuwa nyembamba pembeni. Kule pembeni ngozi inacheza, akiogelea inapepea kama upindo wa sketi. Nikamwambia shingo inaingia yote na ikitoka huamini ilikuwa imekaa wapi. Nikamwambia rangi, nikamwambia madoa, nikamwambia miguu ina kucha chache upande mmoja tu, iliyobaki ni ngozi ya bata. Nilisema kila kitu nilichokiona, maana mimi nikitazama kitu nakitazama mpaka mwisho.

"Pua?" akauliza. Alikuwa ameacha kujikuna.

"Kama mrija. Ina matundu mawili mbele. Kama ya nguruwe, lakini nguruwe mwembamba."

"Na mgongo ukibonyeza?"

"Unarudi."

Akatazama maji kwa namna nyingine.

"Nilifanya kazi Lodwar," akasema. "Kule ziwani Turkana wako. Wavuvi wanawaogopa kwa sababu ya kuuma. Lakini huku juu? Kwa baridi hii? Sijawahi kuona wala kusikia."

"Hata kwetu Nyakach sijawahi," Calvince akasema haraka. "Opuk wa kwetu ana mgongo ngumu. Unaweza kalia."

"Labda mtu alimleta akiwa mdogo kama kifuniko cha chupa, akamchoka, akamtupa mtoni." Onyancha akapumua. "Mama, nakuamini nusu. Nusu ingine iko ndani ya maji."

"Basi niingie nimtoe," Calvince akasema na kuanza kukunja suruali.

"Usiingie! Ukikoroga atashuka kwa tope, na tope ya hapa sijui inaishia wapi. Lazima apumue. Tungoje pua. Lakini mchana ikipita, mimi lazima niende."

Kwa hiyo tukangoja. Nimezoea kungoja, watu wananijua kwa hilo, lakini huko ni kungoja kitu unachojua kitakuja: mvua, lori, ndama. Hapa nilikuwa nangoja pua yenye upana wa kalamu kwenye bwawa lenye majani yaliyoanguka, vijiti, mapovu, na kila kijiti kilikuwa pua. Niliketi kwenye jiwe nikainuka. Nikahamia upande wa jua, maji yakaniwaka machoni, nikarudi kivulini. Chura alichungulia, moyo ukaruka, akawa chura.

Na watu wakaanza kuja. Gari la serikali haliwezi kusimama kwetu likakosa watazamaji. Alikuja Johana, wakaja wanawake na vikapu vyao vitupu, akaja Phyllis, akaja Robert, na mbele yao Metrine, amejifunga leso mpya kama anaenda kwa harusi. Wakajipanga juu ya ukingo wakiongea wote pamoja.

"Ako wapi huyo mjusi?"

"Amezama na aibu. Hata wewe ungekuwa uchi namna hiyo ungezama."

"Afande, chunguza chini ya kitanda cha Calvince!"

Aluoch aliacha kwenda na kurudi. Akaja akasimama karibu nami, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Dani, mimi siwezi kungoja kuona akipandishwa gari mbele ya hawa. Nitaenda kwa mama yangu."

"Ngoja kidogo. Atatoka."

"Nani? Kobe? Dani, hata akitoka." Hakumaliza. Akapanda juu kwa njia ya mikaratusi, mtoto akiruka ruka mgongoni, na hakugeuka.

Calvince alimwona akienda. Hakuweza kumfuata. Afisa hakuwa amemkataza, lakini mtu anayesemwa hivyo akiondoka hata hatua mbili wanasema anatoroka. Alikaa amechuchumaa, vidole ndani ya maji.

Hapo ndipo subira yangu yote ilipoisha. Nikapanda ukingoni mpaka mbele ya Metrine.

"Metrine, kobe ana masikio. Tangu mmekuja hajatoa pua."

"Kogo, mimi nimesema nini? Mimi nilisema tu vile wewe ulisema. Si wewe uliuliza nani amemtoa gamba?"

"Niliuliza. Sikujibu. Jibu ni lako."

Akafungua mdomo.

"Funga," nikasema. "Nakuomba kama mama mkwe wako. Jana mmeongea yenu, leo asubuhi mmeongea. Sasa mwangalie maji na mnyamaze, nyinyi wote, hata wewe Robert. Kama gamba limetolewa mtamwona amekufa. Kama halijatolewa mtamwona mzima. Lakini mtaona, hamtasikia."

Johana akasema, "Kogo amesema," na kuketi kwenye nyasi. Wengine wakaketi mmoja mmoja. Sijui kama ninyi mmewahi kusikia watu wa senta wamenyamaza. Unasikia mpaka ng'ombe wa jirani akitafuna.

Kimya kikawa kirefu hadi kikaanza kuwasha. Mtu akakohoa, akatazamwa na wote. Onyancha alitazama jua, akatazama juu barabarani kwa dereva wake. Nilimwona anapangusa kofia, na nilijua mtu anapangusa kofia akikaribia kuivaa.

Calvince akainua kidole kimoja kutoka kwenye maji. Kidole tu.

Karibu na matete, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama, kijiti kilikuwa kimesimama wima. Kilikuwa na matundu mawili. Kikavuta hewa, niliona maji yakizunguka kidogo.

Onyancha alichukua upande mmoja wa wavu, Calvince akachukua mwingine, wakaingia na nguo zao kama watu wanaoingia kanisani wamechelewa, wakinyata. Kijiti kikazama. Wakarukia. Maji yakapasuka, Onyancha akaanguka kwa magoti, sare ikawa rangi ya tope, na Calvince akainuka amekumbatia kitu kilichokuwa kikipiga mateke ya bata.

"Shika nyuma! Nyuma!" Onyancha akapiga kelele. "Hiyo shingo inafika!"

Wakamweka kwenye nyasi. Watu walirudi nyuma wote, halafu wakasogea wote. Onyancha alichuchumaa, akampapasa mgongo kutoka shingoni mpaka mkiani, akatafuta jeraha, akatafuta damu, akageuza upande wa chini. Halafu akabonyeza kwa dole gumba. Pakarudi.

"Mzima," akasema. "Hakuna mtu amemtoa kitu. Hivi ndivyo alivyo. Kobe wa gamba laini."

"Kwa hiyo analo," nikasema.

"Analo, mama. Ni la ngozi."

Analo, ni la ngozi. Maneno madogo hivyo. Ningekuwa nimeyasema kwenye simu, Calvince angekuwa kwenye chai sasa hivi akinung'unikia mgongo.

"Njoo ushike," nikamwambia Metrine.

Alikuja na kidole kimoja, akakirudisha, akakileta tena. Akabonyeza. Uso wake ukabadilika kama wa mtoto.

"Woi! Ni kama utosi wa mtoto mchanga," akasema.

Basi kila mtu akataka kushika. Phyllis alisema ni kama ini. Johana alisema ni tairi ya baiskeli iliyoishiwa pumzi. Robert hakushika, alisema anaona vizuri kutoka pale. Onyancha akapiga simu kituoni, akasema kobe yuko mzima, hakuna kesi, na akarudia mara mbili maana walikuwa hawaelewi kobe asiye na gamba gumu ni nini. Calvince alikuwa amekaa kwenye tope akicheka bila sauti, mabega tu yakiruka.

Ilikuwa lazima kobe apelekwe Kericho, wamtafutie njia ya kumrudisha kwao. Nikatoa karai langu kubwa la kufulia, tukatia maji na gunia lililolowa. Lakini kila Onyancha alipoligusa karai, shingo ilitoka. Calvince peke yake ndiye aliyekuwa amejua kumshika, vidole vyote kumi nyuma ya mgongo, pale mbele ya miguu ya nyuma. Kwa hiyo Calvince akapanda nyuma ya gari, amepiga magoti, amelikumbatia karai, na Onyancha akapanda kando yake kumshikilia bega asianguke kwenye kona. Dereva akawasha.

Nilisimama na kulitazama gari likipanda kilima, na nilikuwa na raha. Halafu nililiona kama atakavyoliona mtu mwingine. Mtu wa sare amemshika Calvince begani. Calvince ameinamisha kichwa.

Kutoka juu, upande wa senta, nikasikia sauti ikipaa: "Amepelekwa! Calvince amepelekwa Kericho!"

Watu wote waliojua ukweli walikuwa huku chini pamoja nami, bado wanasimuliana nani alishika kwanza. Nikaanza kupanda. Sijui goti lilienda wapi siku hiyo. Nilipita katikati ya michai bila kufuata njia, matawi yakinichuna, na kila nilipopumua nilisikia tena, sasa mbali zaidi, sauti ya mtu mwingine ikimwambia mwingine: amepelekwa.

Barabarani nilimkuta Aluoch. Alikuwa na godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kanga, na beseni la mandazi limejaa vyombo. Probox ya abiria ya Sondu ilikuwa imesimama na dereva anafungua mlango wa nyuma.

"Usipande!" nikaita. "Aluoch, usipande!"

"Nimeona, Dani. Wamepita hapa. Ameinamisha kichwa, hata hakuinua mkono."

"Mkono ulikuwa na kobe! Hakupelekwa. Amepeleka!"

"Si nimeona wamemshika."

"Amepeleka! Ondoa hiyo w. Amepeleka kobe. Kobe amepatikana, ana gamba, ni la ngozi, afisa amesema."

"Mama anaenda ama haendi?" dereva akauliza, na beseni mkononi.

Aluoch alinitazama kama mtu anayepima kama daraja litamshika. Akatoa simu, akampigia Calvince. Ililia sana. Halafu nikasikia sauti ya Onyancha ndani yake, anapigana na upepo:

"Mume wako hawezi kushika simu! Akiachilia huyu mnyama, mimi naruka kutoka kwa gari! Nimwambie nani anasema? Aluoch? Calvince, ni bibi!"

Na kwa mbali, Calvince akipaza sauti kwa Kijaluo, akicheka katikati ya maneno. Sijui alisema nini. Aluoch alisikiliza mpaka mwisho, akafunga simu, akamwambia dereva aende. Dereva akatua beseni kwenye nyasi, akaondoka akinung'unika.

"Unaona?" nikasema.

"Naona, Dani. Leo amepeleka." Alimshusha mtoto mgongoni akamweka miguuni pake. "Na siku ile samaki watakufa wenyewe? Watasema ni sumu ya nani?"

Nilikuwa na jibu, nikalifungulia mdomo, na nikaona siliamini mwenyewe. Kutoka senta nilisikia Metrine ameshafika, anawaambia watu kwa sauti yake yote jinsi alivyomshika wa kwanza, utosi wa mtoto mchanga kabisa, na watu wanauliza, wapi, lini. Aluoch hakugeuza kichwa. Hakufungua kanga iliyofunga godoro pia. Akaketi juu yake.

Nikaketi kando yake, maana ningeketi wapi. Kila gari lilipotokea upande wa Kericho tulisimama sote wawili, likapita, tukaketi tena.